Bakuli langu lilikaa wiki tatu kwa jirani huku Batsinda, nikajua nimechukiwa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii siyo chai, yamenikuta mwenyewe, na mengine nimeyapunguza makali.

Mimi ni fundi makochi, mtu wa Tanga. Huu mwaka wa pili niko Kigali, karakana yetu iko Agakiriro, soko la mafundi pale Gisozi, chumba nimepanga Batsinda. Kazi ipo, namshukuru Mungu.

Mwanzoni mwa mwaka mke wangu aliniacha kwa simu. Dakika nne tu.

Baada ya hapo sikuwa sawa. Usingizi ukakata, chakula hakipiti, kazini nagonga misumari bila kusema na mtu. Jumapili nalala mpaka jioni, kuoga sikumbuki. Nikaogopa huko ninakoelekea.

Nikaingia YouTube. Wanasema tembea. Nikatembea, na vilima vya huku si mchezo, narudi nahema. Acha bia za jioni, nikaacha. Andika mambo matatu ya kushukuru kila siku. Siku ya nne nikaandika "chumvi ipo". Jamani!

Vilisaidia kidogo, nisidanganye. Ila vyote nilifanya peke yangu, mlango umefungwa. Nilifika mahali naitikia salamu za mtangazaji wa redio.

Jumamosi moja nikapika wali wa nazi na maharage. Mkono umezoea kupikia familia, ukabaki mwingi. Nikajaza bakuli, nikafunika na sahani, nikampelekea jirani wa mlango wa pili, Mama Aline. Ni mama wa makamo, anaishi peke yake, Kiswahili anakijua kwa sababu alikulia Karagwe. Akapokea, akasema "Murakoze, asante sana," akafunga mlango.

Wiki ikapita, bakuli kimya. Ya pili, kimya. Mbaya zaidi, akiniona uani anarudi ndani.

Wakuu, mtu mzima na ndevu zangu nililia. Bakuli la plastiki! Nikasema kumbe hata chakula changu kinakera watu. Wiki ya tatu nikaanza kufungasha nirudi Tanga, kwa nani sijui.

Mchana huo nimekaa kitandani na begi, nasikia hodi. Mama Aline, na bakuli langu limejaa viazi vitamu vya moto.

"Fundi, unisamehe," akasema. "Bakuli ya mtu hairudi bure. Mimi nilikuwa sina kitu ya kuweka. Nikaona haya, nikawa nakukimbia."

Mama yangu alinifundisha hilohilo tangu mdogo, chombo cha jirani hakirudi kitupu, na halikunijia kichwani hata mara moja!

Akaliona begi. "Unaenda wapi?"

Nikataka kusema safari ya kazi, mdomo ukagoma. Nikamwambia yote. Hakunipa ushauri wowote. Alikaa juu ya ndoo, akasema tangu binti yake Aline aolewe, kwake pia "siku iko ndefu sana". Tukala vile viazi.

Jumatatu akanisindikiza kituo cha afya. Kuna nesi pale anazungumza na watu wenye hali kama yangu, naendelea kwenda. Sijapona kabisa, kuna siku bado nzito. Begi nimelirudisha juu ya kabati.

Nilichojifunza: kutembea tembeeni, kuandika andikeni, lakini mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nilitaka kuutibu upweke huku nimejifungia nao ndani. Na jirani akikukwepa, mgongee umuulize. Huenda naye amejificha.

Haya, nanyi mliopitia hali hii mlifanyaje? Mwageni hapa, nasoma zote, hata za kunicheka.

Bakuli nililirudisha na maandazi. Sasa hivi liko kwake tena, leo siku ya tano, na sina wasiwasi.