Muzee Alipomwita Marehemu

Vahwere alikuja Bunia kutoka Butembo na magunia mawili ya maharagwe na mdomo usiojua kunyamaza. Soko la Nyakasanza lilimzoea: ukimpunja, mtaa mzima utajua kabla hujafika nyumbani. Mdomo huo huo ndio Zacharie aliupenda hadi akamwoa, yeye dereva mpole wa Muzee Evariste, mkubwa wa chama chenye bunduki kilichoshika mji mwaka ule wa vita.

Muzee alikuwa amepita miaka sabini, na hasira zake zilikuwa zimepita kipimo. Asubuhi anakukumbatia, mchana anakutupia kikombe. Siku moja akamtuma Zacharie aende Bambu, na kila mtu anajua njia ile ni ya kupigwa risasi tu. Zacharie alipojaribu kueleza, alipigwa fimbo ya mgongo. Basi akaenda. Walimrudisha amefunikwa turubai.

Siku ya tatu ya kilio muzee akaja na walinzi wake na mshauri wake wa sheria, Maître Antoine. Vahwere alikuwa chini kwenye mkeka. Mjane hasimami mbele ya wageni wala hajibu. Wanawake wenzake ndio humsemea. Haya, akajikaza.

"Zacharie iko wapi?" muzee akauliza. "Ananichelewesha!"

Watu wakatazamana. Antoine akacheka harakaharaka. "Muzee anapenda mizaha. Anatupima tu."

Mizaha! Kwenye kilio! Vahwere aliuma kitambaa chake asiseme neno.

Muzee akapiga sufuria ya chai kwa fimbo, chai ikamwagika miguuni mwa wafiwa. Halafu akamwona Gustave, mdogo wake Vahwere, fundi wa magari, baba wa watoto wawili. "Weye! Unajua kuendesha. Leo hii unaenda Bambu."

Na Antoine, bila haya hata kidogo, akatoa funguo mfukoni akampa. Walinzi wakasogea. Gustave akaziangalia bunduki zao, akainuka.

Vahwere naye akainuka. Wanawake wakamvuta kitenge: "Mama Vahwere, kaa! Mujane hasimame!" Aka! Mwiko gani tena, na wanamchukua wa pili? Akamnyang'anya mdogo wake funguo, akamkabili muzee.

"Papa, hii kilio ni ya nani?"

Muzee akatazama watu, uso mmoja baada ya mwingine. "Ya mama yangu," akasema, akaanza kulia.

Hasira ya Vahwere haikupoa. Ilihama tu. Akamgeukia Antoine.

"Ulijua?"

"Mama, vita iko. Tukisema muzee hawezi tena, chama itavunjika."

"Ulijua, na ukaacha bwana yangu aende!"

Antoine akarudi nyuma hatua moja.

"Sawa. Muzee ameagiza, si ndiyo?" Akamtupia funguo kifuani, zikaanguka vumbini. "Njia ya Bambu ni ile. Endesha weye."

Walinzi wakamtazama Antoine. Hakuinama kuziokota.

"Okota! Unaogopa nini?"

Antoine akamsogelea. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Muzee hajui anasema nini."

"Rudilia," Vahwere akamwambia, na sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. "Sema na nguvu. Zacharie asikie."