Kindengereko Katika Chumba cha Upasuaji

Mama alikuwa akipalilia mpunga wake Mbwara alipoona giza kwenye jicho la kushoto, kama mtu aliyeshushiwa pazia. Likaondoka. Siku chache baadaye likarudi, na mkono wa kulia ukaachia jembe, kisha ukapata nguvu tena. Shangazi alitaka apungwe mashetani. Mimi nilikuwa mwalimu Kibiti. Nilimfuata, tukavuka mto kwa pantoni, nikampeleka Dar es Salaam.

Hospitali za watu binafsi ndiyo kwanza zilikuwa zikifunguliwa. Katika mojawapo tulimkuta daktari wa mishipa, mtu wa bara, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia Mama, akamwekea kipimo shingoni na kusikiliza kwa muda mrefu. Alisema mshipa unaopeleka damu kichwani umebana sana. Alikuwa akitafiti namna ya kuupanua bila kuchana shingo: anapitisha mrija mwembamba kutoka kinenani hadi shingoni, kisha anaacha humo kibomba cha wavu wa chuma.

"Sikufichi, mama," alisema. "Bado hatujajua kama njia hii inashinda kisu. Ndiyo maana nafanya utafiti. Na uchafu ulioganda mle ukimeguka, unaweza kupata kiharusi papo hapo."

"Wapo waliopata?" Mama aliuliza.

"Yupo mmoja. Yuko wodini."

Mama aliomba kumwona. Mgonjwa huyo alikuwa mzee wa rika lake, mkewe akimfuta mate. Mama aliketi kitandani pake, akamshika mkono. Tulipotoka aliniambia, "Waambie wanifanyie. Nikikaa hivi nitaangukia shambani, peke yangu."

Hawakumlaza usingizi. Daktari alitaka awe macho na azungumze, ili ubongo ukiguswa ajue mara moja. Nilibaki nje, kwenye benchi, nikirudia dua zile zile. Mara muuguzi akatoka mbio.

"Mama yako anaongea lugha tusiyoijua. Daktari hajui kama ni lugha au ni maneno yaliyovurugika."

Walinivika aproni nzito ya kuzuia miale ya eksirei. Mama alikuwa amelala chini ya shuka za kijani, khanga yake ikiwa imetandazwa miguuni kama alivyosihi. Alikuwa akiongea Kindengereko, lugha yetu ya nyumbani. Woga ulikuwa umemwondolea Kiswahili chote.

"Anasema nini?" daktari aliuliza bila kugeuka.

"Anauliza nani yuko dunguni, kulinda shamba. Anasema nguruwe watamaliza mpunga."

"Basi endelea kumwongelesha."

Nikamwambia wajomba wapo. Akauliza kama wameziba ua upande wa mtoni. Katikati ya neno ulimi ukakwama. Akarudia silabi moja, kisha akanyamaza. Vidole vyake vya kulia vililegea.

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu, daktari."

Mikono ya daktari ilisimama. Nilimwita Mama, nikamwita tena, machozi yakinidondoka kwenye barakoa. Hatimaye midomo ikatikisika, neno likatoka, halafu jingine.

"Ananikaripia," nilisema. "Anauliza kwa nini nalia mbele za watu."

Daktari alishusha pumzi, akaendelea na kazi.

Yule mzee wa wodini alifariki kabla hatujaondoka. Mama alikwenda kumpa pole mjane, nikimshika mkono, maana hatua zake zilikuwa bado nzito.

Giza la jicho halikurudi tena. Vidole vya mkono wa kulia, lakini, vilibaki vizito; hakuweza tena kushika kisu cha kuvunia. Wakati wa kiangazi daktari alikuja Mbwara kumpima. Alimtaka afunge fundo la khanga. Mama alijaribu, likamshinda. Daktari aliandika.

"Kwani na hilo unaliandika?" Mama alimuuliza.

"Ndiyo, mama. Ulikuja kwangu ukiweza kulifunga."

Mama alimtazama kidogo. Kisha akaniambia nimletee mgeni maji ya kunawa, chakula kilikuwa kimeiva.