Riwaya Niliyoikata kwa Wembe

Kundi letu la wasomaji hukutana Nsambya kila Jumapili baada ya misa. Safari hiyo tulikuwa na nakala moja tu ya riwaya kuhusu mashine zinazowinda watu, nami nikaikata kwa wembe vipande vitano, ili sote tuisome ndani ya wiki hiyo moja.

Jumapili iliyofuata, maoni yakamwagika. Mwalimu aliyepewa kipande cha katikati alisema mwandishi ameshindwa kueleza mashine zilikotoka. Zilielezwa mwanzoni, kwenye kipande cha jirani yake! Jirani huyo, muuza vipuri, Mkenya mwenzangu hapa ugenini, naye akalalamika kwamba hafi hata mtu mmoja. Eti ni kitabu cha watoto. Mama wa kwaya, aliyesoma mwisho ambako maiti zimejaa barabarani, akamtazama kama mwendawazimu. Wauza nyanya wa soko la Kalerwe hubishana kwa akili kuliko hawa. Mimi nilikuwa nimeridhika kusoma kipande changu tu, nikatangaza kwamba riwaya nzima ni takataka.

Mwanajeshi mstaafu kutoka Mbuya, mtu wa kaskazini aliyepewa kipande cha tano, hakutoa maoni. Aliomba vipande vyote. Tukamcheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Alirudi baada ya majuma mawili na riwaya nzima, ameishona kwa uzi mweusi.

“Kitabu iko mzuri,” alisema, akinikabidhi. “Hizo mashine nazo hazikuuliza kitu kabla ya kuua.”

Mfukoni nilikuwa na wembe mpya, wa kitabu kinachofuata.