Udongo wa Bertha Kikoti

Bertha Kikoti wa Kalenga, au Mama Anjela kama wanavyomwita kijijini, hakusomea ujenzi. Ukimwambia hivyo kwa dharau atakuuliza nyumba yako ilijengwa na cheti au na mikono. Amekandika kuta tangu usichana wake, ndiyo maana kampuni ya wasanifu majengo kutoka Norwei ilipokuja kujenga nyumba ya wajawazito kusubiria siku ya kujifungua, alikuwa wa kwanza kuajiriwa kibarua.

Kampuni yenyewe, kwa maelezo yao, ilianza na watu wawili kwenye chumba cha kupanga. Leo ina ofisi nchi tatu, na sifa yake ni majengo yasiyoumiza mazingira. Kuta za hapa zingekuwa za udongo ulioshindiliwa. Kijijini watu walinuna. Wao wanahangaika kuhama nyumba za udongo, mzungu anapanda ndege kuja kuwarudisha! Bertha akawaambia waache ujinga, udongo hauna kosa.

Kosa lilikuwa kwenye udongo waliouchagua. Ulitoka kando ya mto, una ripoti yenye mhuri. Bertha akaumega, akautafuna mbele ya Marit, msanifu wao, akatema.

"Mchanga mwingi. Mvua ikija utamomonyoka."

Kasian, msimamizi wa mafundi, akacheka. "Mama Anjela, maabara imeshapima."

"Maabara imebeba mimba ngapi? Mimi tano. Nimekula udongo wa kila kichuguu hapa, najua unaoshika na usioshika. Huo sishindilii."

Akafukuzwa siku hiyohiyo. Alilia njiani, sikufichi, maana kazi aliihitaji. Kisha akachimba kichuguu cha shambani kwake, akashindilia ukuta wa hatua mbili kando ya barabara, mahali ambapo gari la Marit lilipita kila asubuhi. Hakuufunika hata kwa turubai.

Desemba mvua ikapiga wiki nzima. Ukuta wa kampuni ukaliwa chini mpaka ukainama. Wa Bertha ukabaki na kona zake.

Marit akaja shambani kwa Bertha kwa mguu, matope hadi magotini, Kasian nyuma yake. Nampa heshima yake, hakuleta visingizio.

"Nilikosea, mama. Tunaomba udongo wako, na wewe urudi."

"Kibao chenu pale getini kina jina la msanifu, la mhandisi, la mkandarasi. Langu liko wapi?"

"Vibarua hawaandikwi," Kasian akadakia.

"Basi kichuguu hakichimbwi."

Bertha akakaa juu ya kichuguu, jembe mapajani. Marit akasema lazima aulize makao makuu. Bertha akamwambia aulize tu, yeye hana haraka.

Jibu lilichukua siku tisa. Siku ya kumi Kasian mwenyewe alishika ngazi, mchoraji akaandika: Udongo na kuta, Bertha Kikoti. Bertha akasogea, akatazama, akasema herufi zake ni ndogo kuliko za wenzake.

Wakafuta, wakaandika upya.