Jina la Nehemia

Benedikta alikuwa na tabia moja ambayo asingethubutu kuwasimulia wakemia wenzake. Akisikia kuna mtu amenukuu kazi yake, hufumba macho akamwona mtu huyo. Leo ni kijana wa Brazili, amekaa dirishani mvua ikinyesha, anasoma habari za maji ya mkonge yaliyochotwa kwenye mfereji wa korona, ile mashine ya kusaga majani, huko nyuma ya kijiji cha Kigombe. Kesho ni mama wa Kichina mwenye miwani, chai imempoa. Kigombe hawaijui iko upande gani, lakini uchafu wake wanao mezani. Basi Benedikta huelea hivyo mpaka wanafunzi wamgongee mlango.

Yote yalianza na viganja vya baba yake. Mzee Nehemia alikata mkonge tangu ujanani, na kila jioni alijikuna mpaka ngozi ikawiva. Mtoto akauliza kwa nini maji yale yanawasha. "Kauulize mkonge," baba akamjibu. Akaenda kuuliza kweli, na hajarudi mpaka leo. Makala zake zote, na si haba, zinahusu kilichomo ndani ya maji hayo: kinachowasha, kinachoua wadudu, kinachoweza kuwa dawa.

Sasa alikuwa anangojea uprofesa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vyeti vyake vya shule viliandikwa Benedikta Robert. Makala ziliandikwa Benedikta Nehemia. Robert alikuwa mjomba wake, mwalimu wa Muheza, aliyemchukua akiwa mdogo ili asome, na kama walivyofanya walezi wengi, akamwandikisha kwa jina lake mwenyewe. Nani alijua jina la darasa la kwanza lingemfuata mtu mpaka mvi? Mbele ya kamati, Daktari Benedikta Robert wa kwenye vyeti hakuwa ameandika hata ukurasa, na Nehemia mwenye sifa zake hakuwa mwajiriwa wa chuo. Wasomi hawa! Chembe isiyoonekana wanaipima, mtu mzima aliyesimama mbele yao hawamwoni.

"Waandikie wachapishaji wabadilishe," karani wa chuo, Leticia, alimshauri kwa wema. "Siku hizi ni kazi ndogo. Zote zisomeke Robert. Au ulete kiapo cha mzazi kabla kikao hakijakaa."

Njia ya kwanza ilikuwa nyepesi, lakini ingelifuta jina la baba. Ya pili ilimtisha. Mama na mjomba walikwisha fariki. Wa kuapa alikuwa baba peke yake, na baba hakuwahi kulizungumza jambo lile. Siku alipoletewa ripoti ya kwanza yenye jina la Robert, aliikunja, akairudisha, akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Tangu hapo, binti akija likizo, alimwita "mgeni wetu" huku akicheka, na kicheko kile kilimuuma Benedikta kuliko kofi. Naye kwa kuona haya hakuwahi kumwambia makala zake zimebeba jina gani.

Alikwenda Kigombe. Kwenye kambi ya wakata mkonge korona ilinguruma kwa mbali, singa nyeupe za mkonge zimeanikwa kwenye nyaya, na upepo ulipopita uwanja wote ulionekana kama unapumua usingizini. Benedikta alisimama pale kitambo, hajui ni mtoto au mtu mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mgeni wetu huyo!"

Alimweleza juu juu tu, kwamba majina yamegongana na chuo kinataka kiapo. Mzee akavaa koti lake la kanisani, wakaenda Tanga mjini kwa wakili Sabiha.

Wakili akamsomea kwa sauti: "Mimi Nehemia naapa kwamba ni baba mzazi wa Benedikta, aliyeandikishwa shule na mjomba wake Robert, na kwamba ndiye huyo huyo Benedikta Nehemia aliyeandika makala zilizotajwa hapa."

"Rudia hapo mwisho, mama."

Wakili akarudia.

"Ameandika kwa jina la nani?"

"Lako, baba," alisema Benedikta. Akafungua simu, akamtafsiria maneno ya mtafiti mmoja wa Meksiko, maana wataalamu wakinukuana huitana kwa jina la mwisho tu: "Nehemia ameonyesha kwamba..." Akasoma ya mwingine, na mwingine. Nehemia anasema. Nehemia alikwisha gundua. Tofauti na Nehemia, sisi tunaona.

"Tangu lini?"

"Tangu makala ya kwanza."

"Mimi nilijua nimekugawa," mzee alisema.

Benedikta alilia palepale, mbele ya watu. Wakili akamsogezea mzee kidau cha wino, akamwambia dole gumba linatosha. Mzee akakisukuma pembeni, akaomba kalamu. Aliandika taratibu, herufi kubwakubwa, NEHEMIA, mpaka jina likavuka mstari na kuingia kwenye nafasi ya muhuri. Wakili Sabiha hakumzuia.