Jumamosi za Muhula wa Udongo

Nakumbuka Ijumaa moja mama alipofika chuoni kwetu Sumbawanga, matope yamempanda hadi magotini, akanikuta nimejilaza kwenye nyasi nikicheka na wenzangu.

Mwanangu, muhula ule ulikuwa wa raha. Wiki sita tu, masika yakielekea ukingoni, na somo moja: udongo. Likiisha asubuhi, siku iliyobaki ilikuwa yetu. Tulipikiwa maharage, tulicheza mpira, na mimi, kijana wa kijiji cha Izia niliyezoea kuamkia jembe, nilijua kwa mara ya kwanza utamu wa kulala mchana. Sikatai, nilifurahi.

Nilimwamkia mama. Akaitikia, kisha akasema, "Kesho majirani wanafukia nyasi kwa Mzee Yosefu. Uje na jembe, ili Jumamosi ijayo nao waje kwetu."

Kwetu Ufipa nyasi hufukiwa kwenye matuta ya mviringo mvua ingali inanyesha, zioze, na msimu unaofuata ulezi hupandwa hapo. Miaka ile ya ujamaa siku nyingine zilikuwa za shamba la kijiji; shamba la nyumbani lilibaki na Jumamosi. Mkono mtupu haulambwi: nyumba isiyopeleka jembe kwa jirani haikupata la jirani. Baba alikuwa ameshafariki. Mama na mdogo wangu Anjela walikuwa wananitegemea mimi.

"Kesho tuna mechi, mama. Juma lijalo nitakuja."

"Na mechi hiyo mkishinda, mtavuna nini?"

Wenzangu wakacheka, nami nikacheka nao. Mama alijifunga kitenge chake vizuri, akashika njia.

Juma lililofuata kulikuwa na ngoma. Lililofuata nikasingizia mvua, ilhali chuo hakikuwa mbali, mwendo wa saa moja tu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini langu lilishiba maharage ya chuo, sikusikia maumivu yoyote. Mtihani nilifaulu vizuri sana.

Nilirudi nyumbani mvua zimekatika. Mama na Anjela walikuwa wameinua matuta machache tu, peke yao. Nilishika jembe, likadunda kwenye udongo uliokauka. Mzee Yosefu alikuwa akipita, akasimama kunitazama.

"Si wewe msomi wa udongo? Haya, uambie ulainike."

Nikapiga jembe tena, likadunda tena. Akaongeza kwa upole, "Tulikungoja, kijana. Majembe yote yalikuwa tayari."

Mavuno ya ulezi yalipofika mwaka uliofuata, hayakujaza hata kihenge kimoja. Mama akampeleka Anjela kwa shangazi huko Kate, apate kula. Anjela alikuwa darasa la pili tu. Hakurudi shuleni tena. Siku hizi barua zikimfika, humpa mjukuu amsomee, naye hajawahi kunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Mwanangu, sikukatazi raha. Ukipata muhula mwepesi, cheza, cheka, lala. Ila kabla hujalala, uliza ni nani anayebeba mzigo wako nyumbani. Na akikuita siku moja, nenda siku hiyohiyo, maana mvua haimngoji mwanafunzi. Kosa lile lilikuwa langu, si la chuo wala la wenzangu.

Mungu akupe ujana wenye furaha, na ukiwakumbuka uliowaacha nyumbani, moyo wako usikusute. Amina.