Kichocho Ambacho Dada Hakuwa Nacho

Ningeweza kukataa. Lilikuwa neno moja tu la kuandika kwenye kadi, na kalamu nilikuwa nimeishika mimi.

Miaka ya hamsini nilikuwa msaidizi katika zahanati moja karibu na Garsen. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma sekondari, nilikabidhiwa hadubini. Dada yangu mkubwa, aliyemsaidia mama kunilea baada ya baba kufariki, alikuja kutoka kijiji cha Hewani akikojoa damu, mkono ameuweka ubavu wa kushoto. Nilipima mkojo wake siku tatu. Sikuona yai la kichocho hata moja.

Dresa mkuu, mganga aliyesimamia zahanati, hakutaka maneno mengi. "Watu wa mtoni wote wana kichocho. Andika, tuanze sindano."

"Bwana, mayai hayapo."

"Basi hujui kutazama."

Nikaona haya mbele ya wagonjwa. Nikaandika: kichocho.

Dada mwenyewe hakuamini. Alikuwa mwembamba sana, na damu, alisema, huja akishinda amesimama akitwanga mpunga. Akilala kutwa, mkojo hurudi safi.

"Hebu nieleze, mdogo wangu daktari, kichocho gani hiki kinachopumzika nikipumzika?"

"Dada, wewe umesomea wapi?"

"Nimesomea tumboni mwangu."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, nikamfunga mpira mkononi, nikamdunga.

Sindano zile, dawa kali ya siku hizo, zilimtapisha. Baada ya sindano ya nne alilalamika kwamba moyo unamruka. Nilimwambia dresa, akajibu kwamba wote husema hivyo. Ya tano pia nikamdunga. Alikohoa, akanishika mkono, akaanguka. Hakuamka.

Miaka mingi baadaye, daktari mmoja wa Mombasa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanichorea mshipa unaotoa damu kwenye figo ya kushoto. Hupita kati ya mshipa mkuu utokao moyoni na tawi lake. Kwa mtu mwembamba nafasi ile huweza kuwa finyu, mshipa ukabanwa, damu ikavuja mkojoni. Wengine hupata nafuu kwa kunenepa tu.

"Ndio ugonjwa aliokuwa nao dada?"

"Huenda. Bila kumpima siwezi kusema."

Sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba nilimuua dada aliyenilea, kwa dawa ya ugonjwa ambao sikuuona, na mama hakula tena nyumbani kwangu mpaka alipokufa.